Ansible na Patroni: skripti ikirudiwa, klasta haiinuki

#1
Wakuu, naomba msaada. Seva 3 za Debian 12, kila moja ina PostgreSQL 15, Patroni (inasimamia Postgres na kuchagua seva kiongozi) na etcd (hifadhi ya pamoja ya taarifa za klasta, yaani kundi la seva hizi). Skripti ya Ansible (chombo cha kusanidi seva kiotomatiki) ilipita mara ya kwanza. Nimefuta data zote za Postgres ili nianze upya, sasa logi za Patroni kote zinarudia "waiting for leader to bootstrap". Pia `max_connections` (kikomo cha miunganisho ya Postgres) nimeitoa 100 kwenda 300 kwenye faili la Patroni, haibadiliki.

#2
Data umefuta, ila etcd bado ina ufunguo wa `initialize`. Kila seva inaona klasta ilishazaliwa, yenyewe ni tupu, basi inasubiri kiongozi ambaye hayupo. Zima Patroni kwenye seva zote, endesha `patronictl remove` na jina la klasta lililo kwenye `scope` ya faili la Patroni, ndipo uwashe. Hatua hiyo usiichanganye na skripti ya kila siku.

Hiyo `max_connections`: sehemu ya `bootstrap.dcs` kwenye faili la Patroni husomwa mara moja tu, klasta inapoanzishwa. Baadaye tumia `patronictl edit-config`, au moduli ya `uri` ya Ansible itume PATCH (ombi la HTTP la kubadilisha) kwa Patroni kwenye poti 8008, njia `/config`. Kisha Postgres iwashwe upya kwa `patronictl restart`. Ukipandisha thamani anza na nakala (seva zinazomfuata kiongozi), kiongozi awe wa mwisho. Ukishusha, kinyume chake.

#3
Kuna mtego wa Debian pia: kifurushi cha PostgreSQL huunda klasta ya `main` chenyewe (hapa klasta ni hifadhidata ya seva moja tu). Patroni ikielekezwa kwenye saraka hiyohiyo, seva ya kwanza inashika uongozi na nyingine zinakufa na "system ID mismatch", kwa sababu kila moja ina kitambulisho chake. Sakinisha `postgresql-common` kwanza, weka `create_main_cluster = false` kwenye `/etc/postgresql-common/createcluster.conf`, ndipo ulete Postgres. Na weka `serial: 1` (Ansible ishughulikie seva mojamoja) kote, usalama kwanza.

#4
@3 kote hapana. Etcd ikiwashwa mojamoja mara ya kwanza inakwama: systemd inasubiri iseme iko tayari, nayo haiwezi kabla ya kupata wenzake, angalau 2 kati ya 3. Etcd ziwashwe pamoja. `serial: 1` ni ya Patroni, na kabla ya kwenda seva inayofuata subiri `/health` ya Patroni ijibu 200 (yaani Postgres inafanya kazi).

Kwenye faili la Patroni andika `etcd3:`, si `etcd:`. Toleo la 3.4 la etcd huja na API ya v2, ambayo `etcd:` huitumia, ikiwa imezimwa.

#1
Imeinuka, shukrani. Kiolezo cha faili la Patroni kikibadilika, Ansible iiwashe upya Patroni?

#4
Hapana, `systemctl reload patroni` (isome usanidi upya bila kuzimika) inatosha. Ukiwasha upya Patroni ya kiongozi, Postgres yake inazimika na uongozi unahamia kwingine, kwa sababu ya mstari mmoja tu wa usanidi. Pakiwa na lazima, hamisha uongozi kwanza kwa `patronictl switchover`.