Naomba ushauri: Nguva na kuvumwani kwenye meza moja ya maonesho

Kibao_Kata: Wakuu habari za jioni. Klabu yetu ya sayansi ina maonesho Jumamosi, mada ni maji na uzazi. Tumechagua nguva (Dugong dugon) na kuvumwani (Funaria hygrometrica, kimmea kidogo cha kijani kinachoota kama zulia). Kuvumwani imesinyaa na kuwa kahawia. Tatizo nini?

Baharia_Kilwa: Nguva wamebaki wachache, hasa Rufiji, Mafia na Kilwa. Wakinaswa kwenye jarife (wavu wa matundu makubwa) wanakufa maji, maana lazima wapande juu kuvuta hewa. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, tena mtoto mmoja tu. Hilo ndilo la kuweka mezani.

Fundi_Maabara: Kauliza mmea, wewe unajibu mnyama 😂 Mleta mada, unatumia maji gani?

Kibao_Kata: Ya kawaida tu.

Fundi_Maabara: Ya mvua, bomba au kisima?

Kibao_Kata: Ya bahari, nimeiloweka. Si wote ni wa maji? Na bango tumeshachapisha: "Ndugu Wawili wa Majini".

Fundi_Maabara: Umeiua. Jani lake lina unene wa seli moja tu, ukiacha mshipa wa kati, kwa hiyo chumvi inalikausha. Huo ni mmea wa nchi kavu, ila ndio unaohitaji maji ili uzae: mbegu ya kiume ina mikia miwili, inaogelea hadi kwenye yai. Nguva yuko baharini, lakini kwake mbegu na yai hukutana ndani ya mwili wa jike.

Tafuta nyingine kwenye udongo mbichi, hasa palipowahi kuchomwa moto. Nyunyizia maji ya mvua, usiloweke. Ili kuona mbegu zikiogelea, kata kichwa cha kiume (ncha ya shina inayotengeneza mbegu) kilichokomaa, chenye wekundu-kahawia, weka kwenye tone la maji, funika kwa kioo chembamba, bonyeza taratibu. Hadubini anza mara 100, kisha 400. Kichwa kichanga hakitoi kitu.

Ticha_Baiolojia: Seli za mwili wa nguva zina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 50, mbegu 25, yaani seti mbili na seti moja. Kuvumwani, sehemu yote ya majani ni seti moja. Seti mbili ni kijiti na kifuko cha spora tu. Wanafunzi huandika kinyume.

Mnoko: Hii chai. Nani anachapisha bango kwanza, ndipo anauliza? Na akaunti ni ya leo!

Kibao_Kata: Si chai mkuu. Nikibandika karatasi juu ya "Majini" je?

Mnoko: Weka picha ya bango, la sivyo mods wafunge uzi.

Baharia_Kilwa: Iwekwe tuone na mkia. Nguva wetu ana mkia wa panda kama pomboo. Mabango mengi hubandika yule wa Florida (manatee, jamaa yake) mwenye mkia wa duara.