Barua mbili na mwaka wa homoni: mliopitia Ontario, nishikeni mkono

Binti_Likoni
Hamjambo wapendwa. Mimi ni mwanamke transjenda, mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Toronto. Nataka upasuaji wa sehemu za siri. Bima ya mkoa wa Ontario, OHIP, hulipa, ila wizara iidhinishe kwanza. Daktari amenieleza masharti: tathmini mbili za maandishi, miezi 12 ya homoni bila kukatiza, na miezi 12 ya kuishi kama mwanamke.

Hapo ndipo nilipokwama. Homoni nilianza nyumbani, vidonge vya kununua kemisti bila cheti. Huku nimeandikiwa rasmi miezi saba tu. Na kazini, ghala la mizigo, beji yangu ina jina la kiume bado. Kila nikiingia zamu naigeuza, picha itazame kifuani. Je, ile miaka ya nyuma itahesabiwa, au naanza upya? Nina miaka 31 na nimechoka kungoja.

Zuhura_TO
Pole dada. Mimi nilifanyiwa hospitali ya Women's College, hapa hapa Toronto. Tangu 2019 si lazima tena kusafiri hadi Montreal.

Beji isikunyime usingizi. Nilipofanyiwa tathmini kitambulisho changu kilikuwa na jina la zamani. Niliulizwa naishije: nyumbani naitwa nani, majirani wananijuaje, nikienda msikitini naswali upande gani. Eleza ulivyo, usifiche na usiongeze chumvi.

Ambalo sikuambiwa mapema ni nywele. Ngozi ya huko chini ndiyo inayotengeneza uke, na daktari wangu wa upasuaji alitaka nywele ziondolewe kabisa kwanza, kwa leza au kwa umeme. Bima hailipi. Mimi ilinichukua mwaka na zaidi, kila wiki mbili nimelala kwenye kile kitanda nikiuma kitambaa. Anza sasa, hata barua hazijaandikwa.

Nesi_Amani
Nafanya kazi wodi ya upasuaji. Vidonge vya kemisti mwambie daktari wazi, maana yeye ndiye atakayetia sahihi. Kama una risiti au vipimo vya damu vya wakati ule, mpelekee. Tathmini moja lazima itoke kwa daktari au muuguzi bingwa anayeruhusiwa kuandika dawa. Ya pili hata mwanasaikolojia au ofisa wa ustawi wa jamii mwenye shahada ya uzamili anaweza kuiandika.

Sigara na shisha acha kabisa. Nikotini hubana mishipa ya damu, kidonda kikakosa damu ya kukiponya. Na kama unatamani mtoto wa damu yako, uliza habari ya kugandisha mbegu kabla. Korodani zikishatolewa hakuna kurudi nyuma.

Mkamba_Minnesota
Mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transjenda, toleo la 8 la 2022, umeshuka hadi tathmini moja na angalau miezi sita ya homoni. Lakini huku Marekani kampuni nyingi za bima zinadai barua mbili bado. Kwa hiyo soma karatasi ya anayelipa.

Mama_Kadzo
Mwanangu, nani atakuuguza? Mimi nilimuuguza mpwa wangu. Miezi ya kwanza ni vipanuzi vya kuingiza ukeni mara kadhaa kwa siku, bila kuruka, la sivyo njia inabana. Hata sufuria ya ugali sikumruhusu kuinua. Weka akiba ya kodi ya miezi mitatu, kazi ya ghala hutairudia upesi.

Binti_Likoni
Asanteni sana. Nimepekua sanduku, nimepata daftari la kliniki ya Mombasa lina vipimo viwili vya damu, na tarehe zake. Jumatatu naenda nalo. Mama Kadzo, wa kuniuguza sina huku.

Zuhura_TO
Niandikie faragha, dada. Nina chumba cha ziada.