Re: Deni limeipita bei ya nyumba, nirudishe funguo?

> Shikamooni wakubwa, na wengine salaam. Nilinunua nyumba Austin, Texas, mwanzoni mwa 2022, bei zikiwa juu. Leo nadaiwa dola 410,000, na ya jirani, ramani ileile, imeuzwa 335,000. Riba yangu ni asilimia 3.75. Kazi ninayo na kila mwezi nalipa, ila moyo umechoka. Mkopo ni wa FHA (ule unaowekewa bima na serikali ya Marekani), na shemeji aliweka sahihi pamoja nami kwa kuwa rekodi yangu ya mikopo ilikuwa changa. Nikiwaachia benki nyumba yao, nitakuwa nimefanya dhambi?

Marahaba mdogo wangu.

Mzee wa Dallas amekujibu kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kwa deni la mtu na mtu sina la kuongeza. Lakini mkopo wa nyumba una ahadi mbili ndani yake: utalipa, na usipolipa, nyumba ni yao. Benki ilijua bei hupanda na kushuka, ndiyo maana ikashika rehani. Na kwenye FHA ulitozwa bima ya asilimia 1.75 ya mkopo tangu siku ya kwanza, na hadi leo unakatwa kila mwezi. Bima hiyo haikulindi wewe, inamlinda mkopeshaji siku utakaposhindwa.

Mimi niko Phoenix tangu kabla ya 2008, na hapa bei zilianguka zaidi ya nusu. Waziri wa Fedha wa Marekani wa wakati ule, Henry Paulson, alisema hadharani kwamba mwenye uwezo wa kulipa akaiacha nyumba hatimizi wajibu wake. Januari 2010, makampuni makubwa ya Tishman Speyer na BlackRock yakawakabidhi wakopeshaji wao Stuyvesant Town, mtaa wa majumba ya kupangisha wa New York, yaliounua kwa dola bilioni 5.4. Mwezi uliofuata, Mortgage Bankers Association, chama cha wakopeshaji wenyewe, kikauza makao yake makuu ya Washington kwa dola milioni 41 hivi, baada ya kuyanunua kwa milioni 79. Kwao iliitwa hesabu ya biashara. Kwa hiyo siwezi kumwambia dereva au muuguzi wa zamu ya usiku kwamba yeye ndiye mwenye dhambi.

Ila usidhani hakuna anayeumia. Mtaani kwetu nyumba zilizoachwa zilikatiwa umeme, mabwawa ya kuogelea yakageuka kijani, tukawa na mbu jangwani. Mashine za baridi ziling'olewa usiku. Waliobaki wakilipa ndio walioona bei ya nyumba zao ikizidi kushuka.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Umemtaja shemeji kwa sentensi moja tu, kumbe yeye ndiye swali lenyewe. Benki imeshika nyumba. Shemeji hakushika kitu, alikuamini tu. Ukiacha kulipa, doa litakaa kwenye rekodi yake miaka 7 kama litakavyokaa kwenye yako, na barua za madai zitafika na kwake. Kwa deni hilo, mzee wa Dallas kasema kweli tupu.

Wala usifuate mfano wetu wa Arizona. Huku sheria iliwakinga wengi wenye nyumba za kawaida wasidaiwe kilichobaki baada ya mnada. Texas mkopeshaji ana miaka 2 tangu mnada kufungua kesi ya kudai pengo, ingawa mnaweza kuiomba mahakama ihesabu thamani halisi ya nyumba badala ya bei ya mnada. Na deni likisamehewa, utaletewa fomu ya kodi iitwayo 1099-C, na kiasi kilichosamehewa kitatozwa kodi kama kipato, isipokuwa uwe ndani ya misamaha iliyopo.

Kama huna haja ya kuhama, bei ya soko haikudai chochote mwezi huu. Unakaa, unalipa, salio linapungua. Kama lazima uhame, kumbuka mkopo wa FHA unaweza kuchukuliwa na mnunuzi mwingine kwa riba ileile, akikubaliwa na mkopeshaji. Riba yako ni mali. Mnunuzi anayeona riba ya juu kuliko yako kila benki anaweza kukubali bei iliyo juu ya ile ya jirani yako. Sharti moja: mpewe barua ya kuwaondoa nyote wawili kwenye deni, wewe na shemeji. Ikishindikana, omba idhini ya kuuza chini ya deni, na msamaha wa pengo uandikwe. Washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, hawatozi senti kwa shida ya namna hii. Anayekuomba pesa kwanza, mkimbie.

Shemeji anajua unachokifikiria? Mpigie leo, kabla hujaruka malipo ya hata mwezi mmoja.

Dada yenu wa Phoenix