Sindano ya homoni mbili kwa mgonjwa anayetumia glibenklamidi

Binti wa Jinja:
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, na ingawa anameza metformini na glibenklamidi kila siku, sukari yake haijatulia na uzito unazidi kupanda. Binamu yetu wa Kampala anamhimiza anunue Mounjaro kwa mtu anayeitangaza WhatsApp, akidai kwamba ni sindano ya homoni mbili na kwamba mama akishapungua ataiacha. Je, inafanyaje kazi, na inamfaa?

Mfamasia, Kampala:
Marahaba, binti yangu. Dawa yenyewe ni tirzepataidi, mnyororo wa asidi amino 39 unaoamsha vipokezi vya GIP na GLP-1, homoni ambazo utumbo hutoa tunapokula. Sukari inapopanda, kongosho hutoa insulini zaidi. Chakula nacho hukaa tumboni kwa muda mrefu, na ubongo huhisi shibe mapema. Katika jaribio la SURMOUNT-1, waliodungwa miligramu 15 kila wiki walipungua takriban asilimia 20.9 ya uzito kwa wiki 72, lakini hao hawakuwa na kisukari. Wenye kisukari, katika SURMOUNT-2, walipungua kama asilimia 14.7, kwa hiyo mama asiahidiwe makubwa kupita hayo.

Linalonitia hofu hasa ni glibenklamidi, kwa kuwa hulazimisha kongosho kutoa insulini hata sukari ikiwa chini. Ikichanganywa na sindano hii, sukari inaweza kushuka hadi mama akazimia. Daktari ndiye atakayeamua kuipunguza au kuiondoa. Msifanye hivyo wenyewe nyumbani.

Muuguzi, Mbale:
Naongezea kuhusu huyo muuzaji. Kalamu hizi za kudungia dawa hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na nje ya jokofu hazipaswi kuzidi siku 21 wala nyuzi 30. Aliyeibeba mfukoni juani hawezi kukuhakikishia lolote, kwa hiyo nunueni katika famasia yenye leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, mkiwa na cheti cha daktari. Dozi huanza na miligramu 2.5 kwa wiki nne, maana kichefuchefu na kutapika huwasumbua wengi. Aliye na historia ya saratani ya medula ya tezi dundumio (tezi iliyo shingoni) katika ukoo asiitumie kabisa.

Kuhusu kuiacha, katika jaribio jingine, SURMOUNT-4, waliositishiwa dawa baada ya wiki 36 waliongezeka uzito kwa takriban asilimia 14 katika mwaka uliofuata. Pigeni hesabu ya gharama kwa miaka, si kwa mwezi mmoja.

Binti wa Jinja:
Asanteni sana. Nitampeleka kliniki pamoja na vidonge vyake vyote. Siku hizi analalamika kwamba haoni vizuri. Je, nalo lina uhusiano?

Mfamasia, Kampala:
Lina uhusiano mkubwa, na mlitaje mara tu mfikapo. Sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu ikishushwa kwa haraka, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliyokwisha kudhurika inaweza kuzidi kuharibika, kwa hiyo ombeni macho yachunguzwe kabla ya sindano ya kwanza.