Kusuka koili za pete kwa mkono: sindano ya nyavu, kroshia, ringi ya baiskeli au mkono mtupu?

Taa_za_Igombe

Habari za kazi wadau. Nina sakiti kumi za kupandisha umeme wa betri kutoka volti 12 hadi 24, za taa za LED za wavuvi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza. Kipindi cha giza kinakaribia na wenye mitumbwi wananipigia simu kila asubuhi. Mbalamwezi ikishakuwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo usiku wa giza ndio wa kutafuta hela.

Kinachonichelewesha ni koili, yaani waya wa kuzungushia kwenye pete ya sumaku. Pete nazitoa kwenye pawasapulai mbovu za kompyuta, zile za njano zenye upande mmoja mweupe. Kipenyo cha nje ni kama milimita 27, tundu milimita 14 na nusu. Nahitaji maikrohenri 100 (ndicho kipimo cha koili), na kwa pete hizo hesabu inanipa raundi 33. Waya ni wa milimita 1, nakata mita moja na nusu ili nibaki na mikia ya kutosha.

Wiki hii nimejaribu njia tatu, na nimekaa na saa mezani.

Mkono mtupu: dakika 25. Kila raundi unavuta mkia wote upite kwenye tundu, na waya unajisokota wenyewe. Ikifika raundi ya kumi na tano vidole vinauma. Kibaya zaidi, mkia ukitengeneza kitanzi kidogo na wewe ukavuta bila kuona, kitanzi kinakaza na kuacha kikunjo. Hapo kwenye kikunjo vanishi, ile ngozi ya waya inayozuia umeme, inapasuka.

Sindano ya nyavu: dakika 18. Nilinunua Mwaloni pale Kirumba ile ndogo ya plastiki, bapa, yenye ulimi katikati. Waya unaupakia kwanza kwenye sindano, halafu unapitisha sindano badala ya mkia mrefu. Kwa waya mwembamba ni raha tupu. Ila huu wa milimita 1 ni mgumu, unakataa kukunja kwenye ulimi, na ukishakunja haunyooki vizuri tena.

Kroshia ya chuma: dakika 20. Unaingiza ndoano kwenye tundu, unakamata waya, unavuta. Inasaidia tundu likishajaa, lakini ile ndoano ilinikwaruzia vanishi sehemu mbili bila mimi kujua. Raundi mbili za jirani zikagusana shaba kwa shaba, na transista ikachemka ndani ya dakika moja.

Nyie mnatumia nini?

FundiNyakato

Kijana, kazi nzuri, hasa hilo la kupima muda. Mimi nasuka mota na pampu za maji kwa zaidi ya miaka ishirini, na koili za pete nazisuka pale mteja anapoleta inveta. Kwako wewe kifaa ni jambo la pili. La kwanza ni pale unapoanzia.

Usianze na ncha. Tafuta katikati ya waya, weka alama, kalisha ile alama ndani ya tundu. Upande uliotokea chini unazunguka kwa nje, unapanda, unaingia tena kwa juu. Suka hivyo ukielekea kulia mpaka nusu iishe. Kisha geukia upande uliotokea juu: unazunguka kwa nje, unashuka, unaingia kwa chini, ukielekea kushoto. Mradi unazunguka nje kila mara huwezi kukosea mwelekeo. Mkia wa mita moja na nusu umegeuka kuwa mikia miwili ya sentimita 75, na mkia mfupi haujisokoti.

La pili, acha huo waya wa milimita 1. Chukua nyuzi nne za milimita 0.5 uzisokote pamoja. Eneo la shaba linabaki lilelile kabisa, kwa kuwa kipenyo kikigawanywa kwa mbili eneo linagawanyika kwa nne. Lakini fungu la nyuzi nne ni laini, linalala kwenye kona za pete bila kulazimishwa. Funga ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye drili, zungusha taratibu. Usisokote sana, msokoto mmoja kila sentimita mbili unatosha. Kuna watakaokuambia faida kubwa ni umeme wa masafa ya juu kukimbilia juu ya ngozi ya waya. Ni kweli kwamba kwenye kilohezi 50 hautumii zaidi ya milimita 0.3 hivi kutoka nje. Ila kwenye koili kama yako mkondo mwingi ni wa moja kwa moja (DC), kwa hiyo mimi nasema faida yako ni vidole na vanishi. Fungu litakuwa nene kidogo, na raundi mbili tatu za mwisho zitapanda juu ya wenzao upande wa ndani. Hilo halina neno.

Na kabla hujasuka, nyoosha waya. Ncha moja kwenye jiliwa, nyingine izungushie mpini wa bisibisi, vuta mpaka uusikie umelegea kidogo tu. Waya ulionyooka hautengenezi vitanzi.

Swali: waya wako umeukwangua ukauona ndani?

KroshiaNaRedio

Taa_za_Igombe, usiitupe kroshia kaka. Tafuta ya plastiki, na usiitumie kuanzia mwanzo. Mimi nasuka koili za redio, pete nyekundu ndogo za kipenyo cha milimita 12.7 zenye tundu la milimita 7.7. Hapo mkono mtupu unashinda kila kitu. Raundi 20 zinakupa kama maikrohenri 2, na waya ni kama sentimita 42 ukijumlisha mikia. Hakuna haja ya sindano yoyote kwa waya mfupi hivyo. Kroshia naichukua raundi nne za mwisho tu, tundu likibana na ncha ya waya haionekani inakopita.

Wanaopenda hesabu: gawanya maikrohenri unazotaka kwa namba ya pete (maikrohenri inazotoa kwa raundi 100), tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 100. Namba ya ile pete nyekundu ni 49. Kwa hiyo 2 gawanya kwa 49, kipeuo chake ni 0.202, mara 100 ni raundi 20.

Naomba nitoe tahadhari kwa wanaosoma kimya. Pete za njano na nyeupe za kompyuta ni nzuri kwa kazi ya Taa_za_Igombe, lakini msizipeleke kwenye redio za masafa mafupi. Zinakula nguvu na kupata joto. Nilipoteza wikendi nzima nikitafuta kosa kwenye kichujio changu, kumbe kosa ni pete. Rangi inasema kitu, isomeni.

Halafu msizungushie pete yote mpaka ncha zikutane. Tandaza raundi, acha pengo la kama digrii 30 kati ya mwanzo na mwisho. Thamani ikiwa juu kidogo, tandaza zaidi. Ikiwa chini, sogeza raundi zikaribiane. Ndivyo ninavyorekebisha bila kufungua.

Kwa transfoma ya antena ya waya mmoja unaolishwa mwishoni, raundi 2 kwa 14 juu ya pete kubwa ya feraiti ya milimita 61, hapo tundu ni pana na waya ni mnene, kwa hiyo ni mkono mtupu tena. Ninachoongeza ni ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, naiviringisha kwenye pete kwanza. Kona za feraiti zikiwa kali zinakwaruza vanishi vilevile kama ndoano. Kama huna tepu, pitisha msasa laini kwenye kona. Na usiiangushe sakafuni: feraiti ni kama kigae, ikipasuka hata ukiigundisha haitakupa thamani ileile.

MsukajiMpya

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, niko Butimba. Naomba kuuliza kitu kidogo: raundi inahesabiwaje? Nimesuka nikapata hesabu moja, rafiki yangu akahesabu akapata pungufu ya moja.

KroshiaNaRedio

Marahaba. Hesabu mara ambazo waya umepita ndani ya tundu. Basi. Hata waya ukipita mara moja ukanyooka kuendelea na safari yake, hiyo ni raundi moja tayari. Rafiki yako amehesabu kwa nje. Mkimaliza pigeni picha kwa simu, mkuze, mhesabu nyaya za upande wa ndani.

FundiNyakato

Marahaba mwanangu. Kwenye misuko mirefu natumia choroko. Naweka punje kumi kwenye kifuniko cha chupa, kila raundi kumi nahamisha punje moja kwenda kifuniko cha pili. Mteja akiingia na maneno mengi hesabu haipotei.

Ukerewe_Sola

Salamu kutoka Nansio. Nyote mnaongelea raundi kumi, thelathini. Mimi nasuka transfoma za pete za umeme wa volti 230, na huko mkono mtupu ni mateso. Pete yenye eneo la chuma la sentimita 10 za mraba inataka kama raundi 4 na nusu kwa kila volti, kwa hiyo upande wa 230 ni zaidi ya raundi 1,000. Raundi moja ni kama sentimita 15. Piga hesabu: zaidi ya mita 150 za waya zinatakiwa zipite kwenye lile tundu.

Nilianza na sindano niliyochonga kwa mbao, bapa, yenye mkato kila mwisho. Inafanya kazi, lakini siku mbili. Sasa natumia ringi ya baiskeli ya mtoto, ya inchi 12. Nimeikata sehemu moja kwa msumeno wa chuma, nikapiga tupa mpaka kidole hakihisi kitu. Unaipenyeza kwenye tundu la pete, unaiunga tena kwa kipande cha bati na skrubu mbili upande wa ndani. Kwanza unapakia waya wote kwenye mfereji ule wa tairi. Kisha unafunga ncha kwenye pete na kuanza kuzungusha ringi: kila ikizunguka mara moja, raundi moja imelala. Mkono wa kushoto unasogeza pete kidogo kidogo. Mkanda mwembamba wa mpira wa tyubu juu ya mfereji unauzuia waya usiruke nje wote kwa pamoja.

Tundu la pete yangu ni milimita 60. Chini ya 40 ringi haitafaa kitu, kwa sababu tundu linapungua kadiri unavyosuka. Taa_za_Igombe, kwa milimita 14 usihangaike nayo.

Mbili za usalama kwa watakaojaribu. Kuwasha kwa mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna raundi zimegusana, zima. Na ile bolti ya katikati inayoshika transfoma isiguse boksi la chuma juu na chini kwa pamoja. Ikigusa kote kuwili, bolti na boksi vinakuwa raundi moja iliyofungwa, na mkondo mkubwa sana unapita humo. Nilichoma moja hivyo, harufu ilikaa ndani ya nyumba siku tatu.

Taa_za_Igombe

Mzee FundiNyakato, shikamoo. Nimeukwangua waya kwa wembe kama ulivyouliza. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na nilikuwa nimeuziwa kama shaba kamili. Ndio maana ulikuwa mwepesi vile, na ndio maana risasi ya kulehemu ilikuwa inashika halafu inaachia.

FundiNyakato

Marahaba. Nilihofia hilo. Aluminiamu inapinga umeme zaidi ya shaba kwa mara moja na nusu na zaidi, na ukiikunja mara mbili tatu inakatika. Nenda kwa msukaji mota yeyote, omba waya wa milimita 0.5 kwa uzito, ukwangue mbele yake. Lakini jua hili: vanishi ya waya wa mota imetengenezwa kuhimili joto, kwa hiyo haitayeyuka kwa chuma cha kulehemu kama ile ya waya mwembamba wa redio. Ikwangue kwa wembe au msasa pande zote za kila uzi, zote nne, kabla hujapaka risasi. Uzi mmoja ukiusahau, robo ya koili yako haifanyi kazi na mita haitakuambia.

Taa_za_Igombe

Nimerudi. Nyuzi nne za 0.5, nimenyoosha, nimesokota kwa drili, nimeanzia katikati. Ya kwanza dakika 14, ya tatu dakika 11, bila sindano na bila kroshia. Kipima vipuri kinasoma milihenri 0.10 kwa zote tatu. Fungu linalala kwenye pete kama uzi wa nyavu, halina kikunjo hata kimoja. Sindano ya Mwaloni nimeitunza, nitaitumia kwenye koili zenye waya wa 0.4 na raundi nyingi. Huko ndiko kwake.

Nimewasha moja kwa saa mbili na taa yake. Pete ina uvuguvugu, mkono unakaa bila shida. Usiku wa kesho inaingia ziwani.

FundiNyakato

Kabla haijaingia, ichovye kwenye vanishi ya mota, itundike juani mpaka ikauke kabisa. Ile nyuzi nne ina nafasi katikati, na ziwani unyevu wa usiku unaingia humo.

Taa_za_Igombe

Zipo kwenye kamba ya nguo sasa hivi, mzee. Tatu zimekauka, ya nne ndiyo nimeitundika.