Tupeane uzoefu: Je, dereva mahiri asamehewe kikomo cha mwendo?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajukwaa, juzi nilipanda gari la rafiki yangu ambaye ameshika usukani kwa zaidi ya miaka 20 bila hata mkwaruzo, naye njia nzima alilalamika kwamba kibao cha 80 kimewekwa kwa ajili ya wanagenzi, na kwamba mtu kama yeye alistahili leseni ya daraja la pekee ya kwenda kwa mwendo anaoumudu. Sikuwa na jibu, maana kwa kweli ananizidi kuendesha. Naomba mtueleze yaliyowakuta barabarani.

Dereva wa gari la wagonjwa
Msamaha huo mimi ninao, ila ni wa kazi, si wangu: nikirudi kituoni bila dharura, nafuata kibao kama kila mtu. Hata nikiwa na king'ora, makutano nayaingia polepole, kwa sababu siku moja niliyavuka nikiamini kwamba wote wamenisikia, kumbe mama mmoja alikuwa amefunga vioo na kufungulia redio kwa sauti kubwa, tukakosana kwa upana wa kiganja. Mikono yangu haikukosea lolote siku hiyo. Yule mama hakujua tu kwamba ninakuja.

Mshiriki wa zamani wa mbio za magari
Wengi wataitaja Ujerumani, ambako baadhi ya sehemu za barabara kuu hazina kikomo bali pendekezo la kilomita 130 kwa saa. Tukumbuke kwamba uhuru huo umetolewa kwa barabara, wala hakuna anayepimwa ustadi kabla ya kuingia. Kwa upande mwingine, madereva wa Formula 1, ambao sidhani kama rafiki yako atawazidi, hufungwa na kikomo, kwa kawaida kilomita 80, wanapopita mbele ya mafundi wao, na anayezidi huadhibiwa. Mimi niliwahi kuadhibiwa kwa kosa hilo katika mbio ndogo, nikanung'unika sana, hadi nilipotazama picha za video na kumwona kijana aliyekuwa ameinama akiokota spana, mgongo wake ukiwa upande wangu.

Mkufunzi wa udereva
Huwa nawapigia wanafunzi hesabu. Tuseme mahiri anawahi kukanyaga breki kwa theluthi moja ya sekunde kuliko mtu wa kawaida. Akiwa kwenye 110, ameokoa takriban mita 10. Lakini umbali wa kusimama baada ya breki kushika hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka 80 hadi 110 unakaribia kuwa maradufu: kwenye lami kavu, kutoka mita 35 hivi hadi 67. Zile 10 zimekwisha kumezwa.

Dereva wa zamu za usiku
Nami nina dukuduku langu. Nilitozwa faini saa nane za usiku kwenye barabara pana, nyoofu na tupu yenye kibao cha 50, na hadi leo naona kibao kile hakikustahili kuwa pale. Hata hivyo, siwezi kulidai hilo kwa jina la ustadi wangu, kwa kuwa hata mwanafunzi wa wiki ya pili angepita pale salama kwa 70. Kibao ndicho nilichokiandikia barua, na bado nasubiri majibu.