Tupeane uzoefu: kuchagua gari used la siti saba kwa familia, sisi wa Tanga

Baba wa Sahare

Wakuu habari za jioni. Naona familia nyingi hapa Tanga zinatoka kwenye gari dogo na kutafuta gari la juu lenye safu tatu za siti, na maswali yanayoulizwa ni yale yale. Tuweke uzoefu wetu hapa. Kila mtu aseme alichagua nini, kwa sababu gani, na anaishi nalo vipi. Naanza mimi.

Nyumbani tuko saba: mimi, mama watoto, watoto wanne na mama yangu mzazi. Siku za kawaida ni shule na soko, mwisho wa wiki tunakwenda Muheza kwa wakwe, sikukuu tunafika Korogwe. Msimamo wangu ni kwamba unachonunua hapa ni siti ya tatu, kwa hiyo ukaguzi uanzie huko. Watu wakifika yadi wanafungua boneti, wanazunguka, wanawasha redio. Siti ya nyuma kabisa wanaichungulia tu wakiwa mlangoni. Mimi nilikuwa namwomba muuzaji anyanyue siti zote, naingia mwenyewe kule nyuma, tunafunga milango, nakaa. Magoti yanagusa wapi? Kichwa kinafika darini? Mikanda ipo na inafunga? Hewa ya AC inafika, maana joto letu la Januari mnalijua? Mtoto wa miaka minane anaweza kuikunja siti ya kati mwenyewe akashuka? Baada ya hapo nafungua mlango wa nyuma nione imebaki nafasi gani siti zikiwa zimenyanyuliwa. Kwenye Toyota Vanguard na Nissan X-Trail ya toleo la T32 inabaki nafasi ya mifuko midogo. Gunia la machungwa ya Muheza haliingii.

Na jina la gari lisikupe uhakika. Vanguard zipo za siti tano na zipo za saba. Kluger zile za 2000 hadi 2007 vilevile, na X-Trail T32 vilevile. T31 iliyoitangulia ni ya siti tano, Harrier nayo ni siti tano. Hata Prado za toleo la 150 zipo za siti tano. Kwa hiyo kabla hujapanda bodaboda kufuata gari, muulize dalali idadi ya siti, na akutumie picha zikiwa zimenyanyuliwa.

Nilichukua Vanguard 2.4 ya siti saba. Wanaokaa nyuma ni wadogo wawili wa mwisho, mama anakaa safu ya kati karibu na mlango, na njia zetu karibu zote ni lami. Mwenye watoto wanaokaribia urefu wa baba yao simshauri.

Mama Wanne, Chumbageni

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi niliagiza moja kwa moja Japan, nikachukua X-Trail T32 ya 2.0 yenye safu tatu. Nataka niongee na wanaotaka kuagiza, kwa sababu bei ya mtandaoni inadanganya macho mpaka ufike TRA.

Kuna ushuru wa forodha 25%. Kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000 ni 5%, na ikizidi 2000 ni 10%. Kuna VAT 18%. Halafu kuna ule wa uchakavu: gari likiwa la miaka 8 hadi 10 unaongezewa 15%, likizidi miaka 10 ni 30%. Tena hizi hazijumlishwi kienyeji. Ushuru wa bidhaa unapigwa juu ya thamani ikiwa imeshaongezwa forodha, na VAT inakuja juu ya vyote hivyo. Ndiyo maana gari kuukuu la bei ndogo kule linaweza kukutoka hela nyingi kuliko lililotengenezwa miaka miwili mitatu baadaye. Mimi kila nililolipenda nililiingiza kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, mwaka wake na cc zake, ndipo nikaangalia picha. Kilichonipeleka kwenye 2.0 ni hicho, rangi na sura vilikuja baadaye.

Dada zangu, la pili ni karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari inayotolewa mnadani Japan. Muuzaji mwaminifu anakutumia. Ikiandikwa R au RA, gari hilo liligongwa likatengenezwa. Si lazima ulikatae, lakini bei iseme hivyo, na uambiwe liligongwa upande gani. Likiwa liligongwa nyuma, mimi naliacha. Watoto wangu ndio wanaokaa huko.

Fundi wa Ngamiani

Salaam kwenu. Nafanya kazi gereji na haya magari napokea kila wiki, kwa hiyo nitaongea ya chini ya boneti.

Baba wa Sahare, injini ya Vanguard 2.4 ni 2AZ-FE, ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye Kluger 2.4. Ni injini ya cheni ya taiming na spea zake zimejaa mji mzima. Ila matoleo ya karibu na 2006 hadi 2009 yanajulikana kwa kula oili, kwa sababu ya ringi za pistoni. Si maneno ya vijiweni: kule Marekani Toyota wenyewe waliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari ya injini hiyo kwa tatizo hilo. Kwa hiyo anayelinunua afanye hivi. Afike asubuhi injini ikiwa ya baridi, na aguse boneti kuhakikisha hawajaliwasha kabla yake. Avute kijiti cha oili, aangalie kiwango na rangi. Aliwashe, aliache lingurume hapo lilipo kwa muda mzuri, kisha mwenzake asimame nyuma wakati yeye anakanyaga mafuta. Moshi wa bluu ukitoka, hayo ni mazungumzo mengine kabisa. Injini inayokula oili kidogo inaendesheka, mradi mwenye gari awe mtu wa kuvuta kijiti kila Jumamosi. Inayokufa ni ya yule anayesubiri taa iwake.

Kluger 3.0 ina injini ya 1MZ-FE, hiyo ni ya mkanda wa taiming, ambao lazima ubadilishwe kila baada ya muda. Prado ya dizeli ya 1KD nayo ni ya mkanda. Mwenye gari akikosa uthibitisho wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, na hela ya mkanda uitoe kwenye bei.

Gia boksi sasa, na hapa naomba mnisome taratibu. X-Trail T32, Mitsubishi Outlander nyingi, na hiyo Vanguard 2.4 ni za CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua. CVT si mbovu kwa asili yake. Inauawa na joto, mzigo mkubwa na oili isiyo yake. T32 inataka oili ya CVT ya Nissan iitwayo NS-3, na Vanguard ina oili yake ya CVT iliyoandikwa kwenye kitabu. Nimeona gari zuri limemwagiwa oili ya gia boksi ya kawaida na mtu aliyetaka kupunguza gharama, na mteja aliyefuata ndiye akalipa. Muulize muuzaji ilibadilishwa lini na iliwekwa oili gani. Akibabaika, umeshapata jibu. Prado za petroli 2.7 na Vanguard ya 3.5 zina otomatiki ya kawaida ya gia, na kwa mtu wa milimani mimi ndiko ninakomwelekeza.

Mwenyeji wa Mwambani

Mimi ni kutu tu. Tunaishi pembeni ya bahari, hewa yetu ni chumvi, na magari mengi yaliyotoka kaskazini mwa Japan, Hokkaido na jirani zake, yameshapita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kipindi cha theluji. Yanafika kwetu kutu ikiwa imeshaanza kazi, sisi tunaimalizia.

Lipandishwe juu ya shimo. Uingie na tochi na bisibisi. Prado ina chesisi yake peke yake chini ya bodi, na chesisi ikioza hakuna fundi wa rangi atakayekuokoa. Gonga kwenye maungio, tazama mabomba ya breki. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, uliza kwa nini. Kisha rudi ndani, nyanyua zulia la siti ya tatu, angalia bolti zinazoshika siti na mikanda. Kukiwa na unyevu au kutu pale, maji yanaingia kutoka mlango wa nyuma.

Langu ni Prado 150 ya 2.7. Kila tukitoka ufukweni linaoshwa chini kwa maji baridi ya bomba, siyo bodi peke yake.

Mshambaa wa Soni

Nakubaliana na fundi, niongeze moja ambalo wa mjini mnalisahau. Tanga mjini ni tambarare. Ukijaribu gari kutoka Raskazoni hadi Kange, gia boksi mbovu itakuchekea tu. Haijaulizwa swali.

Mimi kabla ya kununua nilimwambia muuzaji twende mlimani, mafuta yangu. Akakubali. Tulipanda watu wazima sita, tukatoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto, zile kona zote, AC ikiwa inafanya kazi. Nilikuwa naangalia mshale wa joto, nasikiliza kama injini inalia huku gari haliendi, na kama gia inashtuka. Wakati wa kushuka ni breki: je, usukani unatetemeka, pedali inalainika, kuna harufu? Gari lenye safu tatu lijaribiwe likiwa limejaa, kwa sababu litaishi limejaa. Asiyeweza kufika Mombo apandishe njia ya Amani kutoka Muheza, na huko ataona pia kama gari limekaa juu ya kutosha kwenye mawe na tope.

Muuzaji aliyekataa mlima nilimwacha, na alikuwa na bei nzuri kuliko huyu.

Kijana wa Makorora

Jamani, kwa familia ya mjini kwa nini msichukue Noah tu? Siti ya tatu ya Noah mtu mzima anakaa na magoti yake, mlango unateleza, bibi anapanda bila kubebwa.

Baba wa Sahare

Mdogo wangu umesema kweli na sitakubishia. Kwa anayezunguka Ngamiani, Chumbageni na Majani Mapana, Noah inamhudumia vizuri, na kwa nafasi ya nyuma inazishinda Vanguard na T32. Mimi kwa wakwe tunaacha lami kipande cha mwisho, na mvua za masika pale pana mifereji.

Mama wa Pangani

Sisi tulikuwa na gari la chini aina hiyo ya familia, tukahamia Kluger kwa sababu ya barabara. Ujenzi wa lami upande wetu umebadilisha mambo, lakini ukivuka kwa kivuko kwenda Bweni na vijiji vya mbele, gari la chini linakwaruza. Na pale kivukoni penyewe, mteremko wa kuingilia maji yakiwa yamekupwa unagusa bampa. Yule anayepita huko asisite kulipia urefu. Siti ya tatu ya Kluger ni ya watoto, hilo nalo mlijue.

Baba Mapacha, Donge

Wakuu, nina swali la haraka. Kuna Prado 120, toleo lililoitangulia 150, dizeli, 1KD, namba D, lipo Dar, dalali anasema lina siti nane. Matumizi yangu ni kupeleka watoto shule na safari ya Handeni kila mwezi. Jumamosi nataka kwenda kuliona. Na je, nisubiri nijichange nichukue 150 ya dizeli ya 2.8?

Fundi wa Ngamiani

Kwanza hilo la 2.8. Iliingia kwenye Prado 2015, ni injini nzuri, lakini ina chujio la moshi kwenye eksozi, DPF. Chujio hilo linajisafisha kwa kuunguza masizi gari likiwa la moto kwenye safari ndefu. Mtu wa shule na nyumbani, kilometa mbili tatu kila siku, linamzibia. Handeni mara moja kwa mwezi haitoshi. Kwa matumizi yako ningetafuta petroli ya 2.7.

Ukiamua kuliona hilo la 1KD, hofu kubwa ni nozo zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Liwashwe la baridi mbele yako. Sikiliza mlio wa kugonga kama nyundo ndogo, tazama moshi, tafuta mtu mwenye mashine apime kila nozo. Nozo nne za injini hiyo ni hela ya kukufanya ulale macho. Mkanda wa taiming nimeshasema.

Kadi ya gari iwe halisi, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayeuza, na namba ya chesisi uisome kwenye chuma chenyewe. Kukiwa na jina la benki kwenye kadi, mkopo haujaisha. Angalia pia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari kabla ya kulipa chochote.

Na hizo siti nane. Kwenye 120 siti za safu ya tatu zinakunjwa kwa pembeni, moja kila upande, na zinatolewa kabisa. Wengine walizitoa ili wabebe mizigo, zikabaki stoo au zikauzwa, na kuzipata zenye kitambaa kinachofanana ni kazi. Mwambie dalali akupigie picha leo zikiwa zimefungwa ndani ya gari, mikanda ikionekana. Picha isipofika kabla ya Ijumaa, usikate tiketi.